Mguu Juu ya Ubao

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. La, nisianze na uongo. Mafuriko yalikuja mwaka uliofuata, nakumbuka kwa sababu maji yaliingia katika ukumbi wa hospitali niliokuwa nautunza na viti vikaoza. Haya yalitokea mwaka mmoja kabla, mwaka ule hospitali ilipopakwa rangi ya kijani kwa nje, na rangi ikaisha kabla ya kufika jengo la kufulia. Jengo lile halijapakwa mpaka leo.

Humo ndimo alimofanya kazi Mkunjo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na mashuka. Alikuwa akikunja shuka la kitanda ukadhani limetoka dukani saa hiyo, pembe juu ya pembe, halafu analipiga kofi moja la mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunywa maziwa, basi, linakaa. Mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye maneno. Mumewe alikuwa fundi viatu, kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la hospitali, na ndiyo maana hata magomvi yao ya asubuhi yalivuka barabara na kumaliziwa getini.

Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzake Mkunjo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwanamke mrefu waliyemwita Twiga. Miaka kumi na mmoja wakikung'uta pamoja, wakienda na kurudi, huyu akisogea yule anasogea, vidole vinakutana katikati, wanaachana tena. Walikuwa hawatazamani. Waliweza kusengenya jengo zima huku mikono inafanya kazi yake. Kila mmoja alizijua siri za nyumbani kwa mwenzake, na Mkunjo alipomzika mama yake, Twiga ndiye aliyemshika mkono.

Mle ndani mlikuwa na pasi kubwa ya mvuke, wao waliiita Kifaru, kwa jinsi ilivyokoroma na kutoa moshi puani. Ilikuwa na bamba la chuma chini na rola zito juu. Chini, usawa wa miguu, kulikuwa na ubao mrefu, kutoka kushoto hadi kulia. Ukiukanyaga ubao, rola linashuka. Kizuizi cha kulinda mikono kilivunjika zamani, kwa hiyo wafanyakazi walijitungia sheria yao wenyewe. Wa kushoto anatandaza shuka juu ya bamba. Akishatoa mikono, anasema "Huru!" Wa kulia akisikia huru, ndipo anakanyaga. Bila huru, hakuna mguu. Hata mkuu wa jengo akija kufoka namna gani, bila huru hakuna mguu. Mkunjo alisimama kushoto. Twiga alisimama kulia.

Siku hiyo mashuka ya wodi mbili yalikuwa yamechelewa. Mkunjo alikuwa anavuta kona iliyojikunja, mkono wa kulia uko katikati ya bamba. Hakuwa amesema huru. Rola likashuka.

Sitaeleza mkono ulivyokuwa. Alilazwa wiki sita, akatoka na vidole vinne vimejikunja kama makucha ya kuku, havinyooki, havifungi. Lakini hilo, alisema mwenyewe, angelimeza. Ajali ni ajali. Kilichomkwama kooni ni baraza la watu watatu lililokaa kuchunguza. Twiga aliitwa, akaulizwa nani alikanyaga ubao. Akajibu, macho yako mezani:

"Si mimi. Mguu wangu ulikuwa chini. Alikanyaga mwenyewe kwa haraka zake."

Wakaandika katika faili la Mkunjo maneno mawili: uzembe wake. Wakampeleka chumba cha viraka, akashone mashuka yaliyochanika, kwa mkono mmoja na nusu. Twiga akafanywa kiongozi wa zamu.

Sasa hapo ndipo moyo wa Mkunjo ulipogeuka jiwe la kunolea visu. Hakulia wala hakwenda kwa wazee wala kwa shehe wala kwa padri. Kila jioni mumewe akimfunga vifungo vya blauzi, maana mwenyewe hakuweza, alisema kitu kilekile:

"Nataka aseme tu. Aseme mbele za watu, 'Ni mimi niliyekanyaga.' Wafute neno lile kwenye faili langu. Halafu nitamtazama anavyokauka."

"Na akishakauka?"

"Nitamkunja."

Kumbe Mungu naye ana utani wake. Haukupita mwezi, Twiga akaanza kuburuta mguu. Mguu wa kulia. Kwanza ulikufa ganzi, kisha ukakataa kabisa kushika uzito. Madaktari wakaupiga picha, wakaugonga na kinyundo, wakauchoma na sindano, hawakuona kitu. Mguu mzima, lakini haukanyagi. Akapewa kiti pale karibu na mlango wa jengo, akawa anaongoza zamu ameketi, na watu wanampa pole. Mkunjo alipita mbele ya kiti kile kila siku na mkono wake wa kuku. Pole zote zilikuwa upande wa pili.

Ule mwaka hospitali ililetewa mtaalamu wa tiba ya kucheza na kujongea. Mwanamke mwembamba, kila wakati pekupeku. Sisi tulimwita Mwalimu Pekupeku. Alipewa ukumbi wa zamani wa kulia chakula, Alhamisi alasiri, na alichohitaji ni sakafu tupu na redio. Watu wakaambiana hospitali imefungua disko. Lakini waliokuja hawakuja kwa disko. Alikuja dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa akitetemeka kila akishika usukani. Alikuja nesi aliyefiwa na mume, hajatoa chozi mwaka mzima. Mkunjo alipelekwa na daktari wa mkono, kwa sababu kila akisikia mvuke wa birika alikuwa anaruka.

"Wanataka nicheze ngoma," alimwambia mumewe. "Mimi, umri huu, nikatike kiuno mbele ya dereva."

"Kacheze," fundi viatu akasema, misumari mdomoni. "Ukishindwa kucheza, utakuwa umetembea."

Mwalimu Pekupeku hakuwafundisha kukatika. Aliwafundisha kusimama kwanza. Kusikia nyayo. Kuupa mgongo ruhusa ya kuinama. Alisema mwili unaweka mambo ambayo mdomo umekataa kuyasema, na ukiupa nafasi na mwenzi na muda, unayatoa wenyewe. Sheria yake ilikuwa moja: kinachotokea ndani ya duara kinabaki ndani ya duara. Hakiendi kwa mkuu wa kazi, hakiendi nyumbani. Mkunjo alisikiliza nusu. Alikuwa anangoja ukumbi ufungwe aende zake.

Alhamisi ya tatu mlango ukafunguliwa, akaingia Twiga kwa mkongojo.

Mkunjo alisema baadaye kuwa siku ile ndiyo siku ya kwanza aliyocheza kwa furaha.

Jioni alirudi kibandani akamkuta mumewe ameshika kiatu cha Twiga, cha kulia. Alikuwa fundi wake wa siku nyingi, na uadui wa wanawake hao haukuwa umefika kwenye soli.

"Hebu njoo uone," fundi akasema. "Mguu uliokufa unaburuta, kiatu kinalika ncha. Hiki hakijalika ncha. Kimelika hapa pembeni, na ndani vidole vimechimba. Mwenye kiatu hiki anaubana mguu wake. Anauzuia usishuke."

"Kwa hiyo anaigiza?"

"Sijasema anaigiza. Nimesema anauzuia. Pengine mwenyewe hajui."

Mkunjo alikitwaa kile kiatu, akakigeuza, akakitazama kama mtu anayesoma barua ya mirathi. Kisha akacheka mpaka fundi akamwomba akae chini.

"Mguu unaogopa kukanyaga," alisema. "Unajua ulichofanya. Mdomo wake ulidanganya baraza, mguu umekataa kudanganya. Basi mimi nitaongea na mguu."

Akaanza kuwahi ukumbini. Watu walidhani amependa. Alijifunza kila kitu: kupumua, kuyumba, kuongoza, kufuata. Palikuwa na zoezi Mwalimu aliliita kioo. Wawili wanasimama wakitazamana, mmoja anajongea polepole, mwingine anamfuata kama kivuli chake kwenye kioo. Dereva alikuwa hodari wa kioo, nesi alikuwa mgumu. Twiga alifanya akiwa amekaa, mikono tu. Mkunjo alingoja Alhamisi tano. Hakumsemesha. Alimletea hata kiti. Nesi akamnong'oneza, "Dada, una moyo mzuri wewe," Mkunjo akajibu, "Utauona."

Alhamisi ya sita akainua mkono wake mbovu. "Mwalimu, leo mimi na yeye."

Twiga alitazama mlango. Lakini dereva alikuwa ameshasogeza kiti chake katikati, na nesi anapiga makofi, utakataaje?

"Simama," Mkunjo akamwambia kwa sauti ya chini. "Shuka halikunjwi na mtu aliyekaa."

"Shuka gani?"

"Simama, utaliona."

Twiga alisimama, uzito wote kushoto, mkongojo kwapani. Redio ilikuwa inapiga kitu cha polepole, gitaa tupu. Mkunjo akainua mikono miwili, akashika pembe mbili za hewa, akakung'uta.

Jamani, nilikuwa nimesimama dirishani na funguo zangu, na nitaapa nililiona lile shuka. Likapanda, likajaa upepo, likashuka. Na upande wa pili mikono ya Twiga ilikuwa imeshazidaka pembe zake kabla yeye mwenyewe hajaamua. Miaka kumi na mmoja si mchezo. Wakavuta, likanyooka. Wakakunja mara ya kwanza. Mkunjo akapiga hatua mbele, Twiga naye akapiga hatua, akachechemea. Vidole vikakutana, vizima na vya kuku, mara ya kwanza tangu siku ile. Wakarudi nyuma. Wakaja tena. Mara ya nne mkongojo ulianguka, hakuna aliyeinama kuuokota.

Kisha Mkunjo akageuka. Akasimama upande wa kushoto wa kitu kisichokuwepo, akamwachia Twiga nafasi ya kulia. Twiga akaijua. Uso wake ukawa kama majivu.

"Usifanye hivi, mwenzangu," alisema.

Mkunjo akatandaza. Akavuta kona iliyojikunja. Akauweka mkono wake wa kulia katikati ya bamba lisilokuwepo, akaubonyeza, akaubonyeza zaidi, hakusema huru. Akabaki hapo. Mkono uko ndani, anatazama mbele, anangoja. Gitaa linapiga. Twiga anatetemeka goti, paja, kiuno, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na kisigino cha kulia kikaanza kupanda kidogo kidogo kutoka sakafuni, kikapanda, kikasimama hewani.

Kikashuka. Ta! juu ya vigae.

Mkunjo akainuka na kuwageukia wote, macho yanawaka.

"Mmeona? Mmeona mguu huo?"

"Tumeona!" nesi akapaza sauti, na hapo hapo akapiga kigelegele, kigelegele cha mwaka mzima, halafu akaangua kilio. "Umekanyaga! Mguu umekanyaga! Umemponya!"

"Si hivyo, ninyi watu, mmeona alivyokanyaga? Sikusema huru!"

"Yu huru, dada, yu huru!" dereva akasema, anamkumbatia Twiga.

Mwalimu Pekupeku alikuwa analia naye. Alikuja akaishika mikono ya Mkunjo yote miwili, akasema katika kazi yake yote hajaona mtu akimwongoza mwenzake kwa uvumilivu kama ule. Kisha akautazama mkono wa kulia. Wote wakautazama. Vidole vilikuwa vimenyooka. Vinne vyote, bapa, vilivyobonyezwa juu ya bamba la hewa. Vilikuwa vinatetemeka lakini vimenyooka.

Ukumbi ukapiga vigelegele mara ya pili. Mkunjo alitoka bila kuvaa viatu.

"Mkono nao umenisaliti," alimwambia mumewe. "Nimekwenda kumvua nguo mchana kweupe, nimerudi nimeitwa mganga. Wamempongeza! Anatembea! Mimi nimetumia Alhamisi sita kumponya mbwa aliyeniuma!"

Fundi viatu alicheka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Mke wangu, funga vifungo vyako mwenyewe leo, nione." Akavifunga, vyote, huku anatukana.

Asubuhi yake alikwenda kwa Mwalimu Pekupeku kumwomba aende kwa mkuu wa hospitali, aseme alichokiona. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka, nadhani alikuwa ameshaelewa. Lakini akatikisa kichwa.

"Duara ni duara, mama. Mguu uliochezwa si ushahidi. Nikitoa jambo moja nje, hakuna mwili utakaokuja kusema tena humu. Akitaka kusema, aseme kwa mdomo wake."

"Mdomo wake unaujua wewe?"

"Ninachoweza kukuandikia ni kwamba mkono wako unaweza kazi."

"Basi niandikie hilo," Mkunjo akasema. Na aliposema hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, kitu kikatulia ndani yake, kama maji yanayotulia kabla ya kuchemka.

Maana mguu mzima haukai kitini. Twiga alikuwa ameambiwa arudi kwenye Kifaru, na hakuna mfanyakazi aliyetaka kusimama kushoto kwake. Hawakusema kwa nini. Mmoja mgongo, mwingine mimba. Mkunjo akaingia ofisini kwa mkuu wa jengo na barua yake mkononi.

"Nirudishe kwenye pasi, mzee."

"Baada ya yote yale? Na Twiga?"

"Na Twiga. Ila safari hii mimi nasimama kulia. Mkono wangu bado dhaifu kutandaza. Mguu wangu hauna neno."

Mkuu wa jengo aliona ni jambo la busara. Akasifu hata moyo wa kusameheana.

Siku ya kwanza Twiga alifika akasimama mahali pake pa siku zote.

"Sogea kushoto," Mkunjo akamwambia.

"Upande wangu ni huu."

"Ulikuwa."

Twiga akasogea. Akatandaza shuka. Akatoa mikono haraka kama mtu aliyegusa kaa la moto, akasema "Huru," na sauti ikatoka imekauka. Mkunjo hakukanyaga. Aliuinua mguu, akauweka juu ya ubao, mwepesi kama nzi, akauacha hapo. Akamtazama. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ndipo akakanyaga.

Shuka la pili hivyo hivyo. Na la tatu. Mguu hauondoki juu ya ubao hata mikono ya Twiga ikiwa juu ya bamba. Unakaa tu, unapumua. Mashuka mia na ishirini kwa siku. Sheria haikuvunjwa hata mara moja, bila huru hakukanyaga kamwe, na nani angemshtaki mtu kwa kuweka mguu?

Wiki ya pili Twiga akaacha kusengenya. Wiki ya nne akaanza kukonda. Huko ukumbini Alhamisi alikuwa anacheza vizuri sana, anazunguka kwa miguu miwili, lakini Ijumaa asubuhi mbele ya Kifaru jasho lilimtoka kabla ya mvuke.

"Utaniua kwa kungoja," alisema siku moja.

"Nani kafa hapa? Tandaza."

"Unataka nini kwangu?"

"Unakijua."

"Nikisema watanifukuza. Nina mama mgonjwa nyumbani, unamjua, umemwosha mwenyewe kwa mikono yako. Nilishtuka tu siku ile, mkuu alifoka mlangoni, mguu ukashuka. Sikukusudia, dada. Wallahi sikukusudia."

Mkunjo alisimamisha mkono. Ndiyo mara ya kwanza kuyasikia. Maneno yenyewe haya, aliyoyaota tangu siku ya baraza. Alinisimulia kuwa alingoja moyo wake ufurahi, ukafurahi, ukafurahi kidogo, kisha ukataka tena.

"Mbona unanieleza mimi?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Ofisi iko pale, mlango wa pili."

"Nipe muda."

"Chukua. Mimi sina haraka. Mwenye haraka ndiye mzembe, si ndivyo mlivyoandika?"

Akauweka mguu juu ya ubao.

Hivyo ndivyo walivyokaa. Mkunjo alinenepa. Mkono wake ulizidi kunyooka, akarudia kukunja na kupiga mashuka kofi la mgongoni. Mumewe alimwambia yatosha, naye akamjibu kuwa mwenye kiu hachaguliwi kipimo cha maji. Mwalimu Pekupeku alimwambia mwili unaobana kitu muda mrefu unachoka, utazame mguu wa mwenzako ulivyokuwa. Mkunjo akajibu, "Wangu haujachoka, Mwalimu. Wangu unastarehe."

Mimi nilikuwa napita pale kila Ijumaa kuchukua vitambaa vya meza vya ukumbi. Niliwakuta wote wawili kazini, mvuke umejaa, shuka linakwenda na kurudi baina yao, hatua mbele hatua nyuma, hawatazamani mikono kama zamani. Ila sasa Twiga anatazama chini, kwenye ubao, na Mkunjo anatabasamu. Nilisubiri shuka liishe. Sikuwa na ubaya na yeyote, ni udadisi wa mzee tu. Nikamwuliza Mkunjo, na Twiga akainua kichwa ghafla, nikaona kuwa alilingoja jibu kuliko mimi. Mkunjo alikung'uta shuka jingine. Kifaru kikakoroma. Niliuliza tena mwaka uliofuata, yale mafuriko yalipokwisha, na mara moja nyingine baada ya hapo, swali lilelile:

"Mama, siku akienda kule ofisini akasema, mguu huo utautoa?"